Karatasi Thelathini na Tatu

Fui Zarina alipofariki, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga vyombo vyake vya jikoni. Alikuwa dada yake baba yangu, na sisi Wahindi Wakachi wa Mombasa shangazi wa namna hiyo tunamwita fui. Nyumba yake ya Wembley ilikuwa na vyumba viwili na kabati moja ambalo halikuwahi kufungika vizuri. Humo kabatini, nyuma ya masufuria, nilikuta kopo la bati la kunywea chai, jeupe lenye ukingo wa buluu. Ukingo ule ulikuwa umelika upande mmoja, rangi imetoka hadi chuma kuonekana, kama kizingiti kinavyolika pale watu wanapokanyaga kila siku. Nikalinusa. Najua ni upuuzi kudhani kopo linaweza kutunza harufu ya sukari iliyokaribia kuungua kwa miaka yote hiyo, lakini niliisikia. Ndani yake kulikuwa na karatasi tatu nyembamba, kila moja na urefu wa kidole, zimeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikaa palepale sakafuni, na kazi ya kupanga vyombo ikaishia hapo kwa siku ile.

Nilikuwa na miaka minane tulipohamia London, mimi na Baba peke yetu. Ndiyo ile miaka ambayo watu wa asili ya Kihindi walikuwa wakiondoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa makundi, kila familia na sababu yake, kila mtu na pasi yake. Kwetu pasi ndiyo iliyotugawa. Baba alikuwa na ya Mwingereza. Mimi nilikuwa nimeandikwa ndani ya ile ya Baba. Mama alikuwa na ya Kenya, kwa sababu babu mzaa mama aliuamini uhuru na akawachukulia watoto wake wote uraia mapema, kabla majirani hawajamaliza kubishana. Hakuna aliyewahi kuona tatizo lolote katika jambo hilo mpaka wiki ya kuondoka. Baba alisema Mama angefuata baada ya mwezi mmoja au miwili, makaratasi yake yakikamilika. Pale stesheni ya Mombasa, katika joto lile, Mama alinivalisha sweta mbili, moja juu ya nyingine, akaniambia nisizivue hata nikitoka jasho, kwa sababu baridi ya Ulaya humvizia mtu.

Miezi saba baadaye nilikuwa bado nazivaa zote mbili.

Tuliishi kwa Fui, ghorofa ya juu ya nyumba iliyogawanywa, na bafu tukishirikiana na watu wa chini. Baba, ambaye Mombasa alikuwa karani wa bandari na kalamu mbili mfukoni, alikuwa akitoka alfajiri na kurudi amechoka, na Jumamosi alikuwa haonekani kabisa. Nilijua anafanya kazi uwanja wa mpira. Kila nilipomwuliza Mama anakuja lini, jibu lake lilikuwa moja.

"Kuna Mzungu mmoja ofisini. Yeye ndiye anayeamua. Moyo wake haujalainika bado."

"Utalainika lini?"

"Tuombe, mama. Tuombe."

Nililichukua jibu hilo kama habari kamili. Nilimjua Mzungu yule kwa sura, maana nilimtengeneza mwenyewe: pua nyekundu, tai ya kijani, meza kubwa, na juu ya meza karatasi za Mama, na juu ya karatasi mkono wake umetulia, hautaki kunyanyuka.

Kwa kuwa Jumamosi hapakuwa na mtu wa kukaa nami, Fui alinichukua kazini kwake. Kilikuwa kiwanda kidogo nyuma ya safu ya maduka, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, na mwenyewe alikuwa mtu wa Hong Kong, Bwana Lau, mwembamba, mpole wa sauti, aliyevaa koti jeupe kama daktari. Kilichotengenezwa pale ni zile biskuti za bahati ambazo mikahawa ya Kichina huwapa wateja mwisho wa chakula: biskuti tupu ndani, imekunjwa kama sikio, na katika uwazi huo kipande cha karatasi chenye maneno ya kukutabiria mambo.

Naomba nieleze kazi yenyewe, kwa sababu mikono ya Fui ndiyo iliyotulisha. Mashine ilikuwa duara kubwa la visahani vya chuma vinavyozunguka polepole juu ya moto wa gesi. Upande mmoja inadondosha rojo la unga, sukari na mayai, na rojo likifika upande wa pili limeshakuwa duara jembamba la rangi ya asali. Hapo ndipo mwanamke anapoingia. Analibandua kwa vidole, anaweka karatasi katikati, analikunja nusu, kisha analipinda juu ya ukingo wa chuma na kulitia kwenye tundu lipoe na umbo lake. Yote hayo kabla hujamaliza kuhesabu hadi tano. Ukichelewa, duara limekauka na linavunjika. Ukiwahi mno, vidole vinaungua.

Wasichana Waingereza aliowaajiri Bwana Lau kwanza walivaa glavu, na kwa glavu hawakuweza kushika karatasi. Wakazivua, wakaungua, wakaacha kazi. Ndipo akaja Fui kuomba kibarua. Bwana Lau alimsimamisha mbele ya mashine bila matumaini yoyote, na Fui akabandua duara la kwanza kama vile anabandua manda ya sambusa kikaangoni, akalikunja, akalitia tunduni, akangoja la pili. Mwanamke aliyekulia pwani, akazipika manda za Ramadhani tangu ana miaka kumi, akizichana moja moja zikiwa bado zinatoa moshi, vidole vyake vimeshasahau moto ni nini. Bwana Lau alimtazama akikunja kama ishirini hivi, kisha akamwuliza, "Una dada?"

Hakuwa na dada, lakini alikuwa na Bi Salma. Huyu alikuwa Mpemba, mjane, mnene, amekimbia kwao siku za msukosuko na kupitia miji mingi kabla ya kufika Wembley. Mdomo wake haukupumzika. Baada yake wakaja wanawake wengine watatu, wa Kampala na Nairobi, na mpaka mimi naanza kwenda pale, kiwanda cha biskuti za Kichina kilikuwa kinaongea Kiswahili kutoka asubuhi mpaka jioni.

Mahali pangu palikuwa juu ya gunia la unga, mbali na mashine, na daftari la shule mapajani. Nilikuwa naandika kila kitu: nani amekuja, amesema nini, biskuti ngapi zimevunjika. Saa ya chai Bi Salma aliniagiza nimsomee zile karatasi, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuongea tu.

"Soma, we mwana. Leo wamepangiwa nini hawa?"

"Rafiki wa zamani anakukumbuka."

"Hanikumbuki mie. Ananidai huyo. Ingine."

"Utapata mali usiyoitarajia."

"Alaa! Zarina, hebu mpekue Lau mifukoni, imeshafika."

"Safari yako ndefu itakwisha kwa furaha."

Hapo hakutania. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema, "Hiyo wawekee wengi."

Siku moja nilimwuliza Bwana Lau kama Uchina watu wanazila biskuti hizi kila siku au Jumapili tu. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia yeye hakuwahi kuiona biskuti hii mpaka alipofika London. Mama yake, alisema, angeiona angeuliza nani amesahau kutia nyama. Sikuelewa. Nilidhani anaficha siri ya biashara.

Zilizovunjika Fui alizileta nyumbani ndani ya mfuko wa karatasi, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Jioni ya kwanza nilitia biskuti mdomoni pamoja na karatasi yake, nikatafuna, nikameza.

"Wewe! Umekula karatasi?" Fui alishika shavu lake. "Si ya kula hiyo, mtoto! Ni ya kusoma!"

Baba alitabasamu kidogo, jambo ambalo lilikuwa adimu siku hizo. Mimi sikusadiki. Nilikuwa na sababu, na hata leo naona zilikuwa sababu nzuri.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mombasa, nilipata surua ikaniingia kifuani, na dawa za hospitali hazikunisaidia. Mama alimwendea mwalimu wa mtaani, akarudi amebeba sahani nyeupe iliyofunikwa kitambaa. Sahani yote ilikuwa imeandikwa kwa wino wa zafarani, mistari ya Kiarabu inayozunguka kutoka ukingoni mpaka katikati. Mama alimimina maji ya waridi, akasuuza maneno yote kwa kidole, yakawa maji ya manjano, akaniinamishia kikombe. Nikamwuliza yanasema nini. "Usiulize yanasema nini," Mama alisema. "Kunywa. Yenyewe yanajua pa kwenda." Hilo ndilo kombe, na kwetu kila mtoto amelinywa. Siku ya tatu nilikuwa nacheza uani.

Kwa hiyo nilipoona Waingereza nao wanatiliwa maneno ndani ya chakula, sikuhitaji kufundishwa. Maneno yanaandikwa, yanaingia tumboni, yanafanya kazi yao. Fui akisema si ya kula, labda ni adabu tu, kama vile mwalimu asivyopenda kusifiwa kwa makombe yake. Ili kuhakikisha, nilimwuliza mtu wa pili.

"Bi Salma, Wazungu wanazifanya nini zile karatasi?"

"Wanameza," alisema, bila kugeuka, mikono yake inakunja. "Wazungu wanameza kila kitu bila kutafuna. Walimeza Unguja na Pemba, itakuwa kikaratasi?"

Wanawake wote wakacheka. Mimi niliandika kwenye daftari: wanameza.

Kuanzia hapo mambo yalijipanga yenyewe kichwani. Mzungu wa ofisini ana moyo mgumu. Wazungu wanakula kwenye mikahawa ya Kichina, hasa Ijumaa, hilo nililisikia kwa Bwana Lau. Biskuti zinatoka kwetu. Sikujua Mzungu wangu anakula mkahawa gani, kwa hiyo lazima niandike nyingi. Na niliamua kuandika kwa Kiswahili, kwa sababu maneno ya kwenye sahani sikuyaelewa na bado yaliniponya. Ilionekana wazi kwamba maneno humfanyia kazi vizuri zaidi mtu asiyeyaelewa.

Nilikata kurasa za nyuma za daftari kwa rula, vipande vilingane na vile vya kiwanda. Zafarani sikuwa nayo, nikatumia penseli. Kila karatasi niliandika: *Mruhusu Rukia binti Hawa aje.* Rukia ni Mama, na Hawa ni mama yake, maana nilikuwa nimesikia kwamba katika dua mtu hutajwa kwa jina la mama yake, ili isikosewe ikamwendea mwingine. Niliandika thelathini na tatu, kama shanga za tasbihi ya Baba. Jumamosi iliyofuata, wanawake wakiwa kwenye chai na migongo yao kwangu, nilizichanganya ndani ya boksi la karatasi, katikati na chini, nikarudi kukaa juu ya gunia langu.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtoto mwenye furaha na mwenye shughuli. Nilimchunguza kila Mzungu niliyekutana naye kuona kama ameshalainika. Daftari lile lilipotea zamani, lakini nakumbuka baadhi ya mistari. Kondakta wa basi: ameniachia nikae mbele, amelainika. Mwenye duka la magazeti: bado. Mwalimu wangu: hajala biskuti. Usiku nilivua sweta moja, nikaikunja, nikaitia chini ya mto ili iwe tayari. Nilitaka Mama akifika aone nilifuata maagizo yake, na kwamba sasa basi, haihitajiki tena.

Jumamosi ya tatu Bwana Lau aliingia na bahasha. Aliizima mashine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya saa sita, na kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Alitoa karatasi nne akazipanga juu ya meza ya chuma, moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayecheza karata. Mkahawa mmoja ulikuwa umezirudisha. Mteja mmoja alisema ni uchawi, akakataa kumaliza chai yake. Mwingine alitaka kujua kama kuna mtoto amefungiwa mahali.

"Hii ni lugha gani?" aliuliza.

Nilimwona Fui akiinama kusoma, na nilimwona akiutambua mwandiko, maana ni yeye aliyenifundisha kuandika ile herufi ya kwanza ya jina la Mama, yenye mguu mrefu. Alikuwa ndiye mwenye kazi ya uhakika pale nyumbani, na chumba tulichokaa kilikuwa kwa jina lake. Hata mimi nilijua kwamba katika makaratasi ya Mama kulikuwa na mahali pa kueleza atafikia wapi, na jibu lilikuwa kwa Fui. Akifukuzwa, Mama hana pa kufikia.

Bi Salma alisogea mbele. Aliokota karatasi moja, akainyoosha mbali na macho, akaisoma polepole, midomo ikitikisika. Halafu akanitazama mimi. Naamini ni wakati ule alipokumbuka alichoniambia kuhusu kumeza.

"Ah," alisema kwa Kiingereza chake. "Hii Kiswahili, Bwana. Ni dua. Inasema: Mungu ambariki mwenye kiwanda hiki, ampe wateja wengi."

"Zote nne?"

"Zote nne. Dua ikiandikwa mara moja tu haina nguvu."

Bwana Lau alimtazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi juu ya gunia, na daftari langu, na penseli yangu. Hakuwa mjinga mtu yule.

"Mwambie anayeniombea," alisema taratibu, "aniombee kwa mdomo. Si kwa penseli ndani ya biskuti zangu."

Ingeweza kwisha pale. Wanawake walishaanza kupumua. Lakini mimi nilikuwa na swali moja, na hakuna mwingine wa kunijibu, maana ni yeye tu aliyeingia mikahawa ile. Nikasimama nikamwuliza kwa Kiingereza, "Lakini walizimeza?"

"Nani?"

"Wateja. Zile nyingine. Walizimeza?"

Alichutama mbele yangu ili tutazamane sawa. "Hakuna anayemeza," alisema. "Wanasoma, wanacheka, wanaacha kwenye kisahani cha majivu pamoja na vichungi vya sigara."

Sijui kama nimewahi kulia vile tena. Si kwa sababu ya kuogopa. Nililia kwa ajili ya zile ishirini na tisa, na jina la Mama likiwa katikati ya majivu.

Fui hakunigombeza. Njiani alinishika mkono kwa nguvu kupita kawaida, na mkononi mwake wa pili alikuwa na bahasha ya Bwana Lau. Jioni Baba aliporudi alimpa chai, akamwacha anywe funda mbili tatu, kisha akaweka karatasi moja mbele yake.

"Soma, Bhai." Hivyo ndivyo alivyomwita kaka yake.

Baba alisoma. Akageuza nyuma, hapakuwa na kitu, akasoma tena.

"Nani ameandika?"

"Mimi," nilisema. "Lakini si ya kusoma, Baba. Ni ya kumeza. Nilimwandikia yule Mzungu ili moyo wake ulainike, kama kombe. Ila kumbe hawamezi."

Nikamweleza yote, kwa mpangilio, tangu sahani ya surua mpaka kisahani cha majivu. Alisikiliza akiwa ameinamia kikombe chake. Ni Fui aliyesema, na alisema kwa Kiswahili badala ya Kikachi, naona ili mimi nisikose hata neno.

"Mwambie mtoto ukweli, Bhai. Huyo Mzungu anasingiziwa. Hajapata hata nafasi ya kukataa."

Juu ya kabati letu la nguo kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Niliiona kila siku, na nilidhani ina picha. Baba aliitazama sasa, nami nikaitazama, na hapo ndipo nilipojua kwamba fomu za Mama hazikuwahi kutoka chumbani mwetu.

"Watamwita Nairobi wamhoji," Baba alisema, akiongea na meza. "Watamwuliza mume wako anafanya kazi gani. Jibu lake lisipofanana na langu kwenye fomu, wanamkatalia. Watasema hatujuani. Na mimi nimemwandikia mama yako kwamba mimi ni karani, na kwenye fomu siwezi kudanganya, wanataka barua ya mwajiri."

"Na kweli ni nini?" niliuliza.

"Nafagia, mama. Mechi ikiisha, tunapita chini ya viti na mafagio. Siku za wiki nafagia kiwanda."

"Na mimi umemwambia nafanya nini?" Fui aliuliza.

Baba alisita. "Msimamizi."

"Wa nini?"

"Sikutaja."

Fui alitaka kukasirika lakini kicheko kilimwahi. "Msimamizi! Bi Salma akisikia, atataka nimpandishe cheo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Miezi saba ya kumwombea mtu wa pua nyekundu ambaye hakuwa na hatia. "Kumbe Mzungu mwenye moyo mgumu ni wewe?" nilisema.

Mombasa, neno kama hilo kwa baba yako lingekupatia kofi. Fui alifungua mdomo kunikemea. Lakini Baba aliinua mkono kumnyamazisha. Aliitazama ile karatasi kwa muda. Halafu akaikunja mara moja, mara mbili, akaitia mdomoni. Akatafuna. Ilichukua muda, karatasi ya daftari la shule si laini, na tulimtazama taya zake zikienda. Akachukua chai, akameza.

"Imeshuka?" nilimwuliza.

"Imeshuka."

Akanyanyuka, akaishusha bahasha ya kaki kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Kabla ya kuigusa fomu, aliomba ile karatasi ya buluu ya barua za ndege, kwa sababu Mama alipaswa kujua kwanza. Alikaa na kalamu hewani mpaka chai ikapoa. "Nitaandikaje?" alimwuliza dada yake. "Andika nafagia," Fui alijibu. "Ni neno moja."

Mama alifika mwanzoni mwa majira ya joto, na kwa hiyo sweta hazikuhitajika kabisa.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima na kazi yangu ikawa kuuliza maswali, niliwahi kufuatilia biskuti zile zilitoka wapi. Bwana Lau alisema kweli: si za Uchina. Wanaozichunguza wanaelekeza Japani, kwa waokaji wa karibu na mahekalu, ambao biskuti yao ilikuwa nyeusi zaidi, yenye ufuta, na karatasi ilibanwa nje kwenye mkunjo badala ya kutiwa ndani. Wajapani waliohamia Kalifonia walizibeba. Vita vilipokuja, serikali ya Marekani iliwakusanya Wajapani wale makambini, ovena zao zikapoa, na waokaji wa Kichina wakaendelea na kazi. Wengine wanabisha habari hii, kila mji una babu yake anayedai alianza yeye. Nilipomsomea Fui maelezo hayo alisema tu, "Basi na sisi tulizikunja," akarudi kwenye chapati zake. Kazini walikuwa wamebadilisha mashine miaka mingi nyuma, lakini lile kopo jeupe la mazoezi, ambalo kwenye ukingo wake alijifunzia kupinda biskuti jikoni kila usiku miezi yake ya kwanza kazini, hakulitupa.

Baba ametangulia zamani. Mama bado yupo, anakaa kwangu, masikio yake yamechoka lakini macho ni mazima. Jioni ya siku ile ya vyombo, niliporudi kutoka nyumbani kwa Fui, nilimwekea karatasi tatu mezani, nikamweleza kisa chote kwa mara ya kwanza. Sikujua kwamba hakuwahi kuambiwa.

"Ndiyo maana," alisema. "Barua ile ilianza ghafla. Hakuna salamu, hakuna hujambo. 'Mke wangu, mimi nafagia.' Nikamwambia mama yangu, huyu amerukwa na akili, acha nimfuate upesi."

"Hukukasirika?"

"Kwa kufagia?" Alinishangaa. "Nilikasirikia miezi saba."

Alichukua karatasi moja, akalisoma jina lake na la mama yake, kidole kikifuata herufi. Akavuta glasi yake ya maji akaitumbukiza ndani, akaikoroga kwa kijiko, kwa subira, kama alivyosuuza ile sahani. Tukangoja. Maji yalibaki meupe, na maandishi yakabaki pale pale, meusi, yanasomeka.

"Penseli haiyeyuki, Mama," nilimwambia.

"Naona," alisema. "Ndiyo maana ikabidi aitafune."